Edward Coles na kisingizio cha zama

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu waasisi wa Marekani inawaondolea lawama waliomiliki watumwa kwa hoja kwamba walifuata yaliyokubalika zama zao. Naomba nafasi nimtaje Edward Coles, gavana wa pili wa jimbo la Illinois, ambaye mbele yake hoja hiyo haisimami.

Coles alizaliwa mwaka 1786 katika familia tajiri ya Virginia, akawa katibu wa Rais James Madison. Mwaka 1814 alimwandikia Thomas Jefferson, rais mstaafu aliyemiliki watumwa na mwenyeji mwenzake wa wilaya ya Albemarle huko Virginia, akimsihi aongoze juhudi za kukomesha utumwa. Jefferson alikiri kuwa utumwa ni dhuluma, lakini akajibu kwamba yeye amezeeka, kazi hiyo ni ya vijana, tena akamshauri Coles asiwaache watumwa wake. Kwa maoni yangu, jibu hilo linamhukumu Jefferson kuliko wakosoaji wake wote wa leo, kwa kuwa linaonyesha kuwa alijua.

Coles hakuufuata ushauri huo. Aprili 1819, wakiteremka Mto Ohio kwa mashua, aliwatangazia watumwa aliorithi kwa baba yake kuwa wako huru, na huko Illinois akawapa wakuu wa familia ekari 160 kila mmoja. (Alikuwa amewamiliki kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, simwiti malaika.)

Alishinda ugavana mwaka 1822 kwa takriban theluthi ya kura, kwa kuwa wapinzani wake waligawana zilizobaki. Bunge la jimbo lilitaka kuitisha mkutano wa kubadili katiba ili utumwa uhalalishwe, na lilipopungukiwa kura moja lilimvua ujumbe Nicholas Hansen, mbunge aliyepinga, na kumpa mwingine kiti chake. Coles alitoa mshahara wake wa ugavana kugharimia upinzani, na Agosti 1824 wananchi wakaukataa mkutano huo kwa kura 6,640 dhidi ya 4,972.

Wakati huohuo alishtakiwa kwa kuwaacha huru watu wake bila kuweka dhamana ya dola 1,000 kwa kila mmoja, akatozwa faini ya dola 2,000, ambayo Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta mwaka 1826. Baadaye alihamia Philadelphia, akafariki huko mwaka 1868, utumwa ukiwa umeshafutwa na mwanawe mmoja akiwa ameuawa mwaka 1862 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiupigania upande wa Kusini uliotetea utumwa.

Wenu,
Msomaji, Morogoro