Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ngoma, Vichupa na Rimiksi za Diamond Platnumz

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, mlio hapa Dar es Salaam, mlio mikoani na mlio nje ya nchi. Mambo ya fedha mtayapata kwa mhazini, taarifa yake imeambatanishwa. Mimi niseme tu kwamba ada zimekusanywa vizuri kuliko mwaka uliopita na deni la ukumbi limekwisha. Nafasi iliyobaki naitumia kwa kazi iliyotushughulisha kuliko zote mwaka huu: daftari la nyimbo za Diamond Platnumz, msanii wetu wa Bongo Fleva.

Mkutano mkuu uliagiza kila ngoma ya Diamond iandikwe kwa matoleo yake yote, audio kivyake, kichupa (video) kivyake na rimiksi kivyake, pamoja na prodyuza na walioshirikishwa. Ilionekana kazi ya kunakili, ikageuka kazi ya kubishana hadi usiku. Sababu yake ni kwamba rimiksi ikishavuma huufunika wimbo ulioizaa. Kijana anayetafuta Number One leo anaweza kukutana na Davido, mwimbaji wa Nigeria, kabla hajamsikia Diamond akiimba peke yake, na akabaki anaamini wimbo ulianzia hapo. Daftari letu lipo ili asipotee.

Tulianza na Kamwambie. Imetoka kwa prodyuza Bob Junior, Sharobaro Records, na mwaka 2010 ikamletea tuzo tatu za muziki za Kilimanjaro kwa mpigo. Haina rimiksi ya kimataifa na wala haikuihitaji. Sauti ni ya kijana wa Tandale anayetuma ujumbe kwa mpenzi aliyemwacha, na ujumbe ulifika bila mgeni yeyote kusaidia kuubeba. Tulipoisikiliza kikaoni, wanachama waliozaliwa karibu na mwaka huo waliuliza mbona biti ni jepesi hivyo. Nawaomba wairudie kwa spika nzuri na wafuatilie sauti inavyovutwa mwishoni mwa mistari. Yote aliyoyafanya baadaye yameanzia pale.

Number One ya mwaka 2013 ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Mikono ni ya prodyuza Sheddy Clever, kichupa kilipigwa Afrika Kusini, na ngololo, mtindo wake wa kucheza, ikachezwa kwenye kila harusi niliyoalikwa. Mwanzoni mwa 2014 ikaja rimiksi na Davido. Mwaka huohuo Diamond alizoa tuzo saba za Kilimanjaro, akatajwa kuwania tuzo ya BET ya Marekani, na kolabo yenyewe ikatajwa kwenye tuzo za MTV za Afrika. Kwa hiyo wanaosema rimiksi ndiyo iliyofungua mlango wana hoja, nami naikubali. Ila naomba tusisahau kilichoingia kwenye huo mlango. Davido alipewa vesi ndani ya nyumba iliyokwisha jengwa, na kiitikio kilichoimbwa Lagos ni kilekile kilichokuwa kinaimbwa Kariakoo.

Hicho ndicho kipimo nilichokipendekeza kwa kamati, na kimepita: rimiksi nzuri humwacha mwenye wimbo akiwa mwenyeji. Kwa kipimo hicho sikuona haya kuandika kwamba Marry You na Ne-Yo wa Marekani, ya 2017, sijaipenda sawasawa. Imepigwa kwa usafi mkubwa, lakini Kiingereza ni kingi mno na Diamond ninayemjua anaonekana kwa mbali. Wapo wanachama waliokasirika. Maoni yao yameandikwa kando ya yangu, kama katiba inavyotaka.

Sasa nije kwenye Salome ya 2016, akiwa na msanii mwenzake Rayvanny. Kamati iligawanyika: tuuite wimbo mpya au rimiksi? Umejengwa juu ya Maria Salome ya Saida Karoli, mwimbaji wa Kagera, wimbo ambao mtaani wengi wanaujua kwa jina la Chambua Kama Karanga. Nilishauri tusikilize zote mbili kwa kufuatana, wa Saida kwanza, na ndivyo tulivyofanya. Wa Saida una ngoma za asili zilizo wazi, na sauti yake iko mbele kabisa, haijifichi nyuma ya chombo chochote. Wa Diamond ni mzito, wa klabu, na vijana wawili wanapokezana kutongoza. Lakini lile wimbi la sauti la Saida limebaki, linakwenda na kurudi. Mama mmoja mwanachama wetu, mzaliwa wa Bukoba, alisimama akacheza zote mbili kwa mwendo uleule wa mabega, na hapo ubishi ukaisha. Tumeuandika Salome chini ya jina la Saida kama chanzo. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe alirudi na Orugambo, na watoto ambao hawakuwahi kumsikia wakawa wanamjua. Kwangu mimi, katika kazi zote za Diamond za kugeuza wimbo, hii ndiyo kubwa.

Yope ilileta ugomvi wa aina nyingine. Rimiksi ya 2019 imepita watazamaji milioni 100 kwenye YouTube, na wanachama wengi walitaka iwekwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Ndugu zangu, wimbo ni wa Innoss'B, mtoto wa Goma, mashariki mwa Kongo, na Goma Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Diamond pale ni mgeni, tena mgeni mwenye adabu: aliingia kwenye mdundo wa mwenzake bila kuugeuza. Imekaa kwenye ukurasa wa alizoshirikishwa, pamoja na Tetema ya Rayvanny. Na Tetema nayo ilisafiri: mwaka 2021 Maluma wa Kolombia aliifanya Mama Tetema na Rayvanny, wakaipeleka jukwaani kwenye tuzo za MTV za Ulaya, Budapest. Diamond hayumo, nasi tumeiandika hivyohivyo.

Ukurasa wa Komasava ya 2024 umefungwa juzi tu. Toleo la kwanza lina Khalil Harisson na Chley, rimiksi ina Jason Derulo wa Marekani. Wimbo wenyewe ni wa kujuliana hali kwa lugha za watu mbalimbali, kwa hiyo mgeni yeyote akiingia anakuta kiti chake. Ndiyo maana rimiksi hii haikunisumbua hata kidogo. Nawasihi tu msiwaache Khalil na Chley mnapousambaza. Chley ni wa Afrika Kusini, na ladha ya amapiano mnayoisifia humo ni ya kwao.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mambo mawili. Wenye CD na kanda za miaka ya 2009 hadi 2012 wazilete zinakiliwe, hasa zenye majina ya maprodyuza kwenye kava, kwa sababu mtandaoni majina hayo mara nyingi hayaandikwi. Pili, kila tawi lichague msikilizaji mmoja atakayehudhuria vikao vya daftari. Kikao cha kwanza kitaanza na Nana ya 2015, aliyoimba na Flavour wa Nigeria, na kila mjumbe aje ameshaisikiliza audio kabla ya kutazama kichupa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti