Puto lisiporushwa, hesabu ya ndege inabaki ya kukisia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Makala yenu ya juzi ilisema usafiri wa ndege unachangia karibu asilimia 2.5 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu, kisha ikamalizia kwamba basi huo ndio mchango wake wote katika kuipasha dunia joto. Sentensi ya kwanza sina ugomvi nayo. Ya pili imeninyima usingizi, maana nimefanya kazi ya kupima hali ya hewa kwa miaka 31.

Binti yangu anakwenda London mwezi ujao. Aliingiza safari yake kwenye vikokotoo viwili vya intaneti, kimoja kikampa karibu maradufu ya kingine. Akaniuliza, "Baba, kipi kinadanganya?" Hakuna kinachodanganya. Kikokotoo cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinahesabu hewa ukaa peke yake. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kwa miaka mingi uliizidisha hewa ukaa hiyo kwa 1.9 ili kujumuisha na mengine yanayotoka kwenye injini, na mwaka 2023 kizidisho kikashushwa hadi 1.7. Ndege ni zile zile, kilichobadilika ni makadirio.

Hewa ukaa yenyewe haina utata. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa hiyo. Ukijua mafuta yaliyotumika, umemaliza hesabu. Utata uko kwenye ile michirizi myeupe tunayoiona angani. Ndege ikipita kwenye baridi kali, mvuke wa injini huganda juu ya chembe za masizi. Hewa ikiwa kavu, mchirizi hufutika hujawahi hata kumwita mtoto aje auone. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, mchirizi hukaa saa kadhaa, hutanuka na kuwa wingu jembamba. Mchana wingu hilo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua huku likizuia joto la ardhini lisipande. Usiku hakuna jua la kurudisha, kazi yake inabaki moja tu, ya blanketi.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na David Lee wa Manchester Metropolitan University walichapisha hesabu ya athari za ndege hadi mwaka 2018. Hewa ukaa waliipa miliwati 34 kwa kila mita ya mraba, yaani nguvu ya joto la ziada linalobaki duniani, na ikikosewa ni kati ya 28 na 40. Michirizi na mawingu yake waliipa 57, lakini huenda ni 17, huenda ni 98. Tazama upana huo, Mhariri! Juu ya hapo kuna swali la muda: mchirizi huisha kwa saa, hewa ukaa hukaa karne. Ukipima athari zote kwa miaka 100, unazidisha hewa ukaa kwa 1.7, ukipima kwa miaka 20, unazidisha kwa 4.

Chanzo kimoja cha upana huo, ugumu wa kupima unyevu wa juu, nimekiona kwa macho yangu. Zamu yangu ya usiku ilianza kwa kujaza puto hidrojeni, taratibu, sikio likiwa kwenye vali, kisha kulifungia radiosondi, kifaa kidogo cha kupima hewa, kwa uzi mrefu na kuliachia saa nane na nusu, watu wamelala. Joto, kanieneo na unyevu vilikuja kwa redio. Tulifundishwa kwamba likishavuka nyuzi 40 chini ya sifuri, kipimo cha unyevu huzubaa, tusikiamini. Na kwenye baridi hiyo hiyo ndipo michirizi huanza kujiunda! Vifaa vya siku hizi ni bora zaidi, lakini tabaka lenye unyevu wa kutosha mara nyingi lina unene wa mita mia kadhaa tu, na setilaiti hupata shida kuliona. Kinachopita ndani yake na kulipima moja kwa moja ni puto.

Tatizo puto halirushwi kila siku. Kituoni kwetu kuna wiki hidrojeni iliisha, kuna miezi radiosondi hazikuletwa. Daftarini tulichora mstari mwekundu na kuandika "hakuna". WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lilipitisha mwaka 2021 kanuni kwamba vituo vya kupima anga la juu visiachane zaidi ya kilomita 500 na virushe mara mbili kwa siku. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, yaani kwenye njia hiyo peke yake vinahitajika vituo kadhaa.

Najua atatokea wa kusema kwamba kama hawana uhakika, basi tuache. Asome tena: hata ile 17 ya chini kabisa ni joto linaloongezeka, na inajumlishwa juu ya hewa ukaa ambayo haina shaka.

Kwa hiyo naomba mawili. Mkichapisha namba ya ndege, andikeni imehesabu nini na inaweza kukosea kwa kiasi gani. La pili, mtumeni mwandishi wenu kwenye kituo cha hali ya hewa chochote kinachorusha puto, aulize mwaka jana ni siku ngapi halikurushwa, na kwa nini. Jibu atakalopewa mlichape ukurasa wa mbele.

Mpima hali ya hewa mstaafu,
Tanga