Baba, ile Yamaha isiuzwe

Birmingham, mwezi Juni

Baba, shikamoo.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na wadogo zangu wote wasalimie. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi sasa imetuachia.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo hili nataka ulisome taratibu. Nimesikia amekuja mtu wa vyuma chakavu akataja bei ya ile Yamaha yako iliyoegemezwa nyuma ya banda la mbuzi. Nakuomba sana, isiuzwe.

Mwaka jana nilipokuambia nimenunua pikipiki kuukuu uliguna tu, sikukueleza vizuri. Inaitwa BSA Bantam, cc 125, ya mwaka 1953. Imetengenezwa hapahapa Birmingham, Small Heath, mtaa ninaopita kila siku nikienda kazini. Ina gia tatu, na petroli yake inachanganywa na oili kama ile yako. Mzee aliyeniuzia aliniwashia uani kwake. Alifungua koki ya mafuta, akabonyeza kitufe kidogo kwenye kabureta mpaka petroli ikamlowanisha kidole, kisha akapiga kiki mara mbili. Ukatoka moshi wa bluu. Baba, harufu ile ilinirudisha Korogwe: nimekaa mbele yako juu ya tangi, kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma, tunakwenda kuchanja ng'ombe wa watu.

Nilidhani ni harufu tu, kumbe ni undugu wa damu. Mzee yule ndiye aliyenieleza. Injini hii asili yake ni Ujerumani, pikipiki ya DKW RT 125 iliyobuniwa mwaka 1939. Wajerumani waliposhindwa vita, michoro yake ikachukuliwa kama fidia. Watu wa kiwanda cha BSA wakaigeuza kama sura kwenye kioo, gia ikahamia mguu wa kulia, na mwaka 1948 wakaanza kuiuza. Posta ya hapa iliinunua, ikaipaka rangi nyekundu, vijana wakapelekea watu simu za maandishi. Wajapani nao waliifuata DKW hiyohiyo walipotengeneza Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1, mwaka 1955. Kwa hiyo Bantam yangu na Yamaha yako ni kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo.

Breki ya nyuma ya Bantam iko kushoto. Wiki nzima mguu wangu wa kulia ulikuwa unatafuta breki, unakuta gia. Sasa umezoea.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye Banbury Run. Mbio hizi, ambazo hakuna anayeshindana na mwenzake, zilianza mwaka 1949, na zinaruhusu pikipiki za kabla ya 1931 tu, kwa hiyo yangu niliiegesha kwenye majani nikawa mtazamaji. Nilisimama Sunrising Hill, mlima mkali wenye kona. Akaja mzee wa rika lako na pikipiki ya kuendeshwa kwa mkanda. Injini ikaanza kuhema katikati ya mlima. Hakuizima: aliruka chini, akashika usukani, akakimbia pembeni yake huku inavuma mpaka juu. Watu wote tulimpigia makofi. Huko juu mtu mmoja alimpa maji, mwingine akapiga magoti kukaza ule mkanda, wala hakuna aliyeombwa.

Ndipo wakaniuliza, “Baba yako alikuwa anaendesha nini?” Nikawaambia. Wakataka kuona picha, na sikuwa nayo hata moja. Iliniuma.

Sasa Baba, kabla sijafika, mwambie mdogo wangu afungue plagi, atie kijiko kimoja cha oili, aifunge, kisha asukume kiki kwa mkono polepole. Ikishuka, pistoni haijashika. Ikikataa asilazimishe, aongeze oili aiache siku kadhaa. Bomba la moshi alizibe kwa kitambaa, nyigu wanapenda kujenga humo. Na anitumie picha ya namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani.

Bei aliyotaja yule mtu nitaituma mimi mwezi huuhuu, mdogo wangu alipie ada.

Desemba nikija, nitaleta plagi mpya na mpira wa koki. Kiki ya kwanza utapiga wewe, nami nitasimama pale penye moshi.

Mwanao