Kuhusu lile swali la mteremko

Habari zenu wote. Nimepitia majibu mliyotuma ya lile boksi la kilo 10 linaloteleza kwenye mteremko wa digrii 30, kigezo cha msuguano 0.2, na wengi mmepata mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) wa 2.94 m/s², sasa hiyo sio na najua imetokea wapi, mmechukua nguvu ambayo uso wa mteremko unalisukuma boksi (kwa pembe mraba na uso) kuwa sawa na uzito mzima, 98.1 N (nyutoni), wakati kwenye mteremko ni uzito mara kosaini ya 30, yaani kama 85 N tu. Msuguano unakuwa 17 N, sehemu ya uzito inayovuta kushuka ni 49 N, zinabaki 32 N, gawa kwa 10 unapata 3.2 m/s² hivi. Tofauti inaonekana ndogo ila njia ndo imekosewa, na mteremko ukiwa mkali zaidi jibu linaharibika kabisa.

Naomba sana jamani, kabla hujagusa kalkuleta chora kitu peke yake, kila kinachokigusa kitoe weka mshale wa nguvu badala yake, halafu geuza mihimili ya x na y ilale na mteremko. Kwenye statiki (kitu kimetulia) jumla ya nguvu ni sifuri na momenti (nguvu inavyozungusha kitu) pia, kwenye dainamiki (kitu kina mchapuko) jumla ya nguvu ni masi mara mchapuko, mchoro ni uleule. Momenti chukulia pale nguvu nyingi usizozijua zinapopita, zinapotea zenyewe.

Kesho ni ngazi iliyoegemea ukuta, kila mtu atume picha ya mchoro kwanza, hesabu baadaye.