Tukague chemba kabla ya kumwaga dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye nyumba wenzangu jambo lililonigharimu. Mwezi uliopita sinki la jikoni kwangu liliziba, na fundi wa kwanza, bila kufunua hata chemba moja (kishimo chenye mfuniko ambamo mabomba ya majitaka hupitia), alimimina soda kali, yaani kemikali ya kuzibulia mabomba, pamoja na maji ya moto, akachukua shilingi 40,000 na kuondoka. Baada ya siku nne maji machafu yalirudi, safari hii kupitia bafuni.

Fundi wa pili alifunua chemba zote, akakuta ile ya jikoni imejaa ilhali iliyo karibu na shimo la majitaka ni kavu, hivyo akajua kwamba kizuizi kiko kati ya chemba hizo mbili. Akaingiza waya wa kuzibulia na kutoa bonge la mafuta ya kupikia yaliyoganda. Nilimlipa shilingi 60,000. Kama chemba zote zingekuwa zimejaa, huenda shimo lenyewe ndilo lingekuwa limejaa, na hapo gari la kunyonya majitaka lingehitajika.

Soda hiyo huunguza ngozi na macho, na ikifika shimoni kwa wingi huua bakteria wanaoozesha uchafu. Kinachoniumiza zaidi ni wale wanaokwepa gharama ya gari kwa kusubiri mvua za masika wafungulie majitaka mtaani, mahali watoto wetu wanapocheza, ilhali kipindupindu huenea kwa njia hiyohiyo. Naiomba serikali ya mtaa ibandike ofisini bei za magari hayo, ili mwenye nyumba ajue gharama mapema.

Mwenye nyumba,
Tabata, Dar es Salaam