Mapishi ya riwaya za upelelezi yapimwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu ukurasa wa mapishi wa Jumapili mbili zilizopita, ambao kichwa chake cha habari kilituahidi vyakula vya kutuliza moyo kutoka katika riwaya za upelelezi. Niseme mapema kwamba niliufurahia nilipouona. Mimi ni mtoa dawa mstaafu, niliyekaa nyuma ya dirisha la dawa kwa miaka 31 katika hospitali moja ya hapa jijini, na tangu nistaafu mchana wangu mwingi huishia barazani, Magomeni, nikiwa na riwaya ya upelelezi mkononi, nyingi zikiwa ni za mitumba nilizonunua kwa wauza vitabu wa kandokando ya barabara pale Posta. Napenda hasa zile za upole, ambamo mtu huuawa nyuma ya pazia, damu haitapakai ukurasani, na anayefumbua fumbo ni bibi wa jirani ambaye hakuna aliyemdhania. Ukurasa wenu ulikuwa kama umeandikwa kwa ajili yangu, na ndiyo sababu umenikera zaidi ya ambavyo ungemkera mwingine.

Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha pili, alichagua kupika ile mikate midogo ya mdalasini. Maelezo yenu yalisema unga vikombe viwili na hamira vijiko viwili, basi. Kijiko gani, hamkusema. Mtoto akachukua kijiko cha kulia, akakijaza, akarudia. Baada ya dakika 40 unga ulikuwa umefura ukavuka ukingo wa beseni, umekinyanyua kitambaa nilichofunikia, umemwagika mezani, na jiko zima linanuka kama kilabu cha pombe. Tuliikaanga hivyo hivyo kwa sababu unga una bei, lakini haikulika. Mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, humu muuaji ni mwandishi mwenyewe."

Kwa mtu aliyefanya kazi yangu, neno "kijiko" likiachwa peke yake hivyo halisomeki kama kipimo. Kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko cha mezani ni mililita 15, yaani kosa hapo si dogo, ni mara tatu. Mama akipewa dawa ya maji ya mtoto dirishani kwangu, nilikuwa namwonyesha kijiko chenyewe kwa macho, kisha namwomba anirudishie maelezo kwa kinywa chake kabla hajaondoka, na waliokuwa nyuma kwenye foleni walininung'unikia kila siku. Sikuona aibu, na ukurasa wa mapishi nao usione aibu kuandika "cha chai" au "cha mezani", kwa kuwa ni maneno mawili tu.

Tena mnapoandika juu ya riwaya hizi, vipimo ndiyo asili yake. Agatha Christie wa Uingereza, ambaye ukurasa wenu ulimtaja kwa sifa nyingi, alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini Torquay wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko ndiko alikojifunza sumu. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, imejengwa juu ya sumu iitwayo striknini na juu ya namna dawa zinavyochanganyika ndani ya chupa. Sitasema zaidi nisije nikamharibia msomaji ambaye hajaifikia. Mwandishi huyo alijua kwamba kinachotenganisha dawa na sumu mara nyingi ni kiasi. Angecheka kuona jina lake limewekwa juu ya pishi lisilo na kiasi.

Hata hivyo, si vipimo vilivyonifanya nishike kalamu. Lililonisukuma ni ile keki ya chokoleti, ambayo mliichukua kutoka katika riwaya ya Christie ya mwaka 1950, mkatuletea kama ilivyo: siagi robo kilo, krimu, chokoleti nyeusi, na jiko la oveni la nyuzi 180. Keki hiyo imo kweli katika kitabu, tena ina jina la mzaha lenye neno kifo ndani yake, na inaokwa kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wa watu wa nyumba ile. Lakini mliacha jambo ambalo kwangu ndilo kiini chake. Uingereza ya wakati ule ilikuwa bado inaishi kwa mgao. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, ila mgao wa chakula haukumalizika kabisa mpaka Julai 1954. Siagi, sukari na mayai vilikuwa vitu vya kuhesabiwa. Msomaji wa siku zile alipoona keki nzito ya chokoleti inawekwa mezani hakuona anasa tu; aliona nyumba iliyojinyima, ikakusanya kidogo kidogo, ili mtu mmoja apate furaha ya alasiri moja. Ukiondoa mgao, keki inabaki keki, na kwa wasomaji wenu wengi wasio na oveni inabaki picha ya keki.

Sisi hatuhitaji kusafiri hadi Uingereza kulielewa hilo. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, tunakumbuka foleni za duka la kaya na sukari iliyopimwa kwa kikopo huku macho ya watu wote yakiwa kwenye kikopo hicho. Mama yangu alikuwa na chupa ya sukari nyuma ya mtungi wa maji, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata yeye mwenyewe, nadhani. Usiku mmoja wa masika upepo uling'oa mabati mawili ya uani, godoro la wadogo zangu likalowa, tukabaki tumesimama wote katika chumba kimoja tukisikiliza maji. Mama alitoka akaenda jikoni gizani. Asubuhi tulikula vitumbua. Sukari ilikuwa kidogo mno, utamu ulitoka kwenye nazi na iliki zaidi kuliko kwenye sukari, lakini mpaka leo mvua ikipiga bati natafuta harufu hiyo. Chakula cha kutuliza moyo ndicho hicho, na mngeuliza wasomaji wenu mngepewa vingi vya namna hiyo.

Kwa kuwa si haki kulalamikia pishi bila kutoa pishi, naliandika hapa kwa ukamilifu ninaoudai kwenu. Chukua mchele vikombe viwili, kikombe kikiwa cha mililita 250, uuoshe na kuuloweka usiku kucha. Saa nane ndizo pungufu kabisa. Asubuhi uchuje maji, kisha uusage kwenye blenda pamoja na tui zito la nazi kikombe kimoja na robo, wali uliopoa vijiko vitatu vya mezani, iliki punje sita zilizotwangwa, sukari nusu kikombe na hamira kijiko kimoja cha chai, usage mpaka ukipapasa kwa vidole usihisi chenga. Huo wali uliopoa ndio siri ya kitumbua kuwa laini ndani, na watu wengi wanaouza asubuhi barabarani wanaujua ila hawausemi. Funika, uache uumuke. Kwa joto letu saa moja inatosha, ila Julai huweza kuhitaji nusu saa zaidi. Weka kikaango cha vitumbua kwenye moto wa wastani, tia mafuta kijiko cha chai katika kila shimo, mimina mchanganyiko mpaka robo tatu, na ukiona vitobo vimejaa juu na ukingo umeanza kushika rangi, geuza kwa kijiti. Moto ukizidi, nje itaungua na ndani itabaki uji, na kosa hilo halina dawa.

Sasa tazama, Ndugu Mhariri, jinsi pishi hili lilivyo zuri kwa mpelelezi. Mchele wa vitumbua ulilowekwa jana. Aliyelala bila kuloweka hawezi kukuwekea vitumbua mezani saa kumi na mbili asubuhi hata akiwa na mikono minane. Basi tuseme katika hadithi mwenye nyumba anaapa kwamba hakujua kama wageni wangefika, kwamba alishtukia tu hodi alfajiri, na huku sahani ya vitumbua inafuka moshi mbele ya askari. Askari anakula na kushukuru. Bibi wa jirani naye anakula, anashukuru, lakini anajua tayari kwamba mwenye nyumba aliwangojea wageni hao tangu jana jioni. Nazi nayo ni shahidi, kwa maana machicha yakiwa bado na unyevu yamekunwa asubuhi hiyo, na yakiwa makavu yenye harufu ya uchachu ni ya jana. Jikoni kwetu pamejaa saa zisizo na mishale, na sijui kwa nini tunaazima keki ya watu ili kupata fumbo.

Hata sumu tunayo, ukitaka kwenda huko. Mihogo michungu ina sumu ya sianidi, na mpishi wa pwani au wa bara anayeijua haichemshi tu na kuila. Huimenya, huiloweka na kuianika kabla haijawa unga. Mhogo mtamu ndio unaofaa kwa mihogo ya nazi, chakula ambacho kwangu kinashindana na vitumbua siku za mvua: unamenywa, unakatwa vipande, unatolewa ule uzi wa katikati, unachemshwa kwa tui la pili na chumvi mpaka uive, kisha linatiwa tui la kwanza na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na kuanzia hapo unakoroga polepole bila kuuacha uchemke kwa nguvu, maana tui likikatika umeharibu. Ndimu kando, na kipande cha nguru wa kukaanga kama mfuko unaruhusu. Ninaitaja mihogo kwa sababu mwandishi wa riwaya akimpa mpelelezi wake jicho la kutofautisha mihogo miwili sokoni, msomaji wa Kiswahili ataelewa hatari bila kuelezwa, kama vile msomaji wa Christie alivyoielewa chupa ya dawa.

Waandishi wa Marekani wamelifanya hili kuwa kazi ya kudumu. Diane Mott Davidson, ambaye mpelelezi wake ni mpishi wa sherehe, na Joanne Fluke, ambaye mpelelezi wake ana duka la biskuti katika mji mdogo wa Minnesota, wamechapa mapishi ndani ya riwaya zenyewe, wa kwanza kuanzia mwaka 1990 na wa pili kuanzia mwaka 2000, na mpishi wa nyumbani anaweza kuyafuata. Nasi hatuanzi kutoka sifuri. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, yuko vitabuni tangu mwaka 1960, na Faraji Katalambulla aliiweka Dar es Salaam katika riwaya ya upelelezi mwaka 1965. Kuna vijana wanaoandika vizuri. Gazeti lako lingeweza kuwapa robo ya ukurasa kila Jumapili kwa hadithi fupi ya mfululizo, na pishi la wiki likatoka katika sahani iliyomo ndani ya hadithi, likiwa limejaribiwa jikoni kwanza na mtu ambaye si mwandishi wake. Ikiwa ni lazima keki iwemo, basi na ielezwe kwa namna tunavyooka wengi wetu, yaani kwa sufuria nzito, mkaa mchache chini na mwingi juu ya mfuniko, na onyo la kutofunua kabla ya nusu saa.

Hayo ya hadithi yanaweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni lile la hamira. Jirani yangu ameukata ukurasa wenu na kuubandika kwenye mlango wa kabati lake la vyombo, na mwezi ujao ana shughuli ya mwanawe, ambapo anakusudia kupika mikate ile kwa watu 60. Nimemwambia kwamba ni kijiko kimoja cha chai kwa vikombe viwili vya unga, lakini ananijibu kwamba gazeti limesema viwili, na gazeti ndilo limechapwa. Tafadhali chapeni sahihisho Jumapili hii, kwa herufi zinazoonekana, ili nimpelekee.

Wako,
Mtoa dawa mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam.