Ukipewa kitabu na kaunsela

Mamangu,

Mesej yako ya jana usiku niliisoma nikifunga meza, ati kaunsela amekupea kitabu uende usome nyumbani na wewe unaona ni kama amechoka na wewe. Zii mama, hajachoka. Hiyo ni tiba ya kusoma vitabu na haikuanza juzi, kuna mzungu wa Marekani anaitwa Samuel McChord Crothers aliandika kuihusu kwa jarida la Atlantic Monthly mwaka wa 1916, na huko Uingereza tangu 2013 wako na mpango ambao daktari anaweza kukuandikia kitabu vile anaandika dawa, unaenda laibrari unakiazima bure. Kwa hivyo usiniambie umetupwa.

Hii stori mimi naijua kutoka upande wa meza, kwa sababu nimeuza vitabu vya mitumba hapa tao tangu kabla wewe uzaliwe. Vile vya kujisaidia, vya kujiamini, vya kusahau mtu aliyekuacha, ndio hutoka mbio kuliko vyote, sanasana Januari. Na ndio hunirudia! Mtu anakuja kuniuzia tena, nafungua ndani naona kurasa za mwanzo zimepigwa kalamu ya njano mpaka hakuna sentensi imebaki nyeupe, halafu ukishafika pale wanasema sasa andika hapa kitu kinakuogopesha, ile mistari iko wazi, haijaguswa, na kutoka hapo mpaka mwisho kitabu ni kipya kabisa. Huyo alisoma ndio asikie amefanya kitu. Sisemi ni mjinga, kupiga laini ni rahisi, kuandika hapo ndio kazi, lakini dawa yenyewe iko hapo kwa mistari.

Hicho chako kwa picha uliyonitumia naona ni cha aina hiyo ya mazoezi. Unaandika kitu kilichotokea, wazo lililokuingia, vile ulisikia, halafu unauliza hilo wazo liko na ushahidi gani. Si uanze na hiyo ya jana? Kilichotokea: kaunsela amenipea kitabu. Wazo: amechoka na mimi. Ushahidi wa kusema amechoka, nauona ni mmoja tu, hicho kitabu. Ushahidi wa kusema hajachoka: amekuandikia kwa karatasi ni kurasa gani usome, na amekupea siku ya kurudi. Sasa weka hizo pande mbili uone. Na usijisumbue na Kiingereza kizuri, hakuna mwalimu atasahihisha, andika Kiswahili, andika sheng, andika lugha ya cucu, bora wewe mwenyewe ukisoma usikie ni wewe.

Lakini ukiandika usifungie kwa droo. Hii ndio maneno nataka ushike hata kama hayo mengine utaruka, kitabu husaidia zaidi kama kuna mtu unamrudia nacho, na husaidia wale depresheni yao iko chini ama ya katikati, ikiwa nzito kitabu peke yake hakitoshi. Nakujua wewe, tangu ukiwa mdogo ukikasirika unaingia kwa kitabu na mlango unafungwa na hakuna mtu anaongeleshwa mpaka kesho. Hicho usikitumie hivyo. Kama kuna ukurasa umekukataa, ukunje, ukaanze nao siku ya kikao, sema huu ndio ulinishinda, mimi nadhani atafurahia huo kuliko zile zote ulimaliza. Na kukiingia wazo la kujiumiza, mama, hakuna kusoma hapo, weka chini upige 1199 ya Red Cross, ni bure, ama upige yangu hata kama ni saa tisa usiku.

Halafu muulize kama unaweza changanya na riwaya. Watu huwa wanadharau hadithi, wanataka kitabu chenye hatua saba, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kuna mama mmoja alikuwa anapita kwa meza yangu jioni akienda stage, akachukua riwaya moja ya mjane, akasimama hapo akisoma, watu wanamsukuma, hasikii, na machozi yanashuka tu. (Hakununua hata, lakini hiyo ni stori ingine.) Kuna msomi mmoja, Caroline Shrodes, aliieleza hii kitu kwa utafiti wake wa 1949, alisema kwanza unajiona ndani ya yule wa hadithi, halafu hisia zinatoka, halafu ndio unaelewa kitu kukuhusu. Kitabu cha ushauri kinakuambia wewe uko na shida. Riwaya inakuambia shida ni ya huyo mwingine, kwa hivyo unaweza kuiangalia bila kujificha.

Pesa ya vitabu usitafute. Ukija tao ingia laibrari ya McMillan hapo Banda Street, kwa wale simba wa mawe, ilifunguliwa 1931 na ilikuwa ya wazungu peke yao, babu yako angerudishwa mlangoni, kwa hivyo wewe keti hapo kabisa ujinyooshe. Ukitaka pahali padogo kuna tawi lao Kaloleni.

Nimekutumia riwaya mbili na daftari la jalada gumu na matatu ya saa nane, ulizia kwa ofisi ya sacco hapo stage ya Rongai, nimeshalipia. Riwaya moja imetoka kurasa za mwisho, usishtuke, nimezifotokopi kwa ingine nikaziweka ndani. Mama yako ameongeza chapati, kula kabla zikauke, na unitumie mesej ukishachukua.

Baba